Watani kwenye Meza ya Hapana

Siku ya kwanza ya soko la ubashiri, Ilongwa nzima ilinunua Ndiyo, na aliyerudi nyumbani amenuna alikuwa mmoja tu: Bertha Kalinga, mtendaji wa kata, ambaye ndiye aliyelianzisha soko lenyewe.

Si kwamba watu hawakuja. Walikuja, tena kwa vigelegele. Ilikuwa Jumatano ya gulio, mwezi wa Januari, mvua imepumzika kidogo, na akina mama waliotoka kung'oa miche ya mpunga walipita pale na tope bado liko magotini. Bertha alipanda juu ya kreti ya soda, akashika kipaza sauti, akaeleza.

Fedha za halmashauri zinatosha kujenga soko moja tu. Maeneo ni mawili. Kuna Bondeni, ng'ambo ya mfereji, na kuna Njiapanda, pale barabara ya kwenda Ubaruku inapokutana na ile ya mashine za kukoboa mpunga. Kila eneo lina meza yake na swali lake: soko likijengwa hapa, vibanda vitakuwa vimejaa ifikapo Krismasi ijayo? Kila mkazi anapewa bure vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi ya bluu. Ukiamini vibanda vitajaa, nunua tiketi ya Ndiyo. Ukiamini vitabaki vitupu, nunua Hapana. Tiketi inayogombaniwa inapanda bei, isiyotakiwa inashuka, na bei hiyo ndiyo itakayomwambia mhandisi wa wilaya wananchi wanatarajia nini. Krismasi ikifika, wote wanakwenda kuangalia vibanda kwa macho. Waliopatia watapewa zamu za mwanzo za maji ya mfereji msimu unaofuata. Swali la eneo lililoachwa litafutwa, na aliyenunua tiketi zake harudi nyumbani na hasara.

Zamu ya kwanza ya maji! Yeyote aliyewahi kuona miche yake inageuka njano kitaluni huku akisubiri jirani amalize kumwagilia, anajua hiyo si zawadi ya kuchezea.

"Mtendaji, hii si kamari?" aliuliza Mwanakhamisi, muuza dagaa na viungo pale Njiapanda, ambaye kata nzima ilimwita Mama Amna kwa jina la bintiye.

"Kamari unaweka chako, Mama Amna. Wewe hapa umeweka nini?"

"Nimeweka dagaa wangu mikononi mwa paka, nimekuja kukusikiliza wewe."

Watu wakacheka. Shehe alikwisha kuulizwa, mchungaji alikwisha kuulizwa, na wote wawili walisema maadamu hakuna anayetoa shilingi mfukoni, hawana neno. Basi meza zikafunguliwa. Tumpe, karani wa kata, akasimama na chaki mbele ya ubao, bei zote zikaanzia hamsini kati ya mia.

Hapo ndipo akaja Mheshimiwa Jailos.

Mheshimiwa Jailos alikuwa diwani, mwenye mashine ya kukoboa, mzee wa kanisa, na mtu mwema kupita kiasi, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Diwani mbaya ungeweza kumpinga ukalala usingizi mnono. Huyu alikuwa anakoboa mpunga wa wajane bure. Gari lake lilikuwa limebeba nusu ya wagonjwa wa kata ile kwenda hospitali Mbeya mjini. Na Bondeni ilikuwa ardhi ya marehemu baba yake, ambayo Jailos aliitoa bila kudai senti, huku akisema waziwazi kwamba angefurahi soko likiitwa jina la mzee. Alisimama kando ya meza ya Bondeni, kofia mkononi, tabasamu limemjaa uso, akimpigia makofi kila aliyekaribia.

Nani angenunua Hapana?

Kufikia jioni, Ndiyo ya Bondeni ilikuwa imefika tisini na sita. Hapana ilikuwa rahisi kama maji ya mvua, na bado haikuguswa. Kwenye meza ya Njiapanda chaki haikusogea hata kidogo, maana watu walikuwa wamemaliza vifuniko vyote kule kwa Mheshimiwa.

Bertha alimpigia simu mhandisi wa wilaya, akamsomea namba zile kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Mhandisi alifurahi. Alisema Jumatano inayofuata angefika mwenyewe kuthibitisha, kisha ramani ichorwe.

Bertha alikuwa ameiona Bondeni wakati wa mvua. Barabara ya kwenda huko ilikuwa supu. Gulio lote lilikuwa limekaa Njiapanda kwa sababu magari yalipita Njiapanda, wanunuzi wa mchele waliteremka Njiapanda, na hata wendawazimu wa kata walichagua kuhutubia Njiapanda. Soko likijengwa Bondeni, akina mama wangebaki barabarani, vibanda vingebaki vitupu, na baada ya miezi michache ingekuja amri kutoka juu: waondoeni. Na wa kuwaondoa ni nani? Ni mtendaji, pamoja na mgambo, Bertha Kalinga akitangulia mbele, akimwaga dagaa wa Mama Amna kwenye vumbi. Hilo ndilo alilolihofia. Kazi yake aliipenda, lakini hiyo asingeifanya, na asipoifanya, kazi yenyewe ndiyo imekwisha.

Kabla jua halijazama alimfuata Mama Amna, akamkuta anafunika madumu ya mafuta.

"Mama Amna, niambie kweli. Ulinunua nini?"

"Ndiyo ya Bondeni. Zote."

"Kwa hiyo utahamia Bondeni?"

"Mimi?" Mama Amna alishika kiuno. "Nikawauzie vyura dagaa?"

"Sasa kwa nini ukanunua Ndiyo?"

"Wee Mtendaji! Baba Amna alipopooza, gari la nani lilimpeleka Mbeya? Mheshimiwa amesimama pale ananitazama, anacheka meno yote nje, mimi nimrushie Hapana usoni? Mama yangu alinizaa Iringa mjini, lakini adabu alikuja nayo kutoka Bagamoyo."

Bertha aliaga. Alikwenda nyumbani, akala ugali bila kujua mboga ilikuwa nini.

Jibu lilimjia Jumapili, nje ya kanisa la Kilutheri, mahali ambapo hakuwa analitafuta.

Ibada ilikuwa imekwisha na mnada umeanza. Wasiokuwa na fedha ya sadaka walikuwa wameleta walichonacho: mayai, kuku, mikungu ya ndizi, kisahani cha karanga. Mzee wa mnada aliinua yai moja juu kama ameshika almasi. Fundi baiskeli akataja bei ya yai. Mwalimu mkuu akapandisha. Mheshimiwa Jailos akapandisha. Mwalimu akapandisha tena, watu wakapiga makofi, na yai lile likapanda, likapanda, mpaka likafika bei ya jogoo mwenye afya. Mwalimu akalinunua, kisha akalirudisha mezani akisema linadiwe upya. Vigelegele!

Baada ya hapo likaja boga. Bertha aliona mkono wake mwenyewe umeinuka. Alishindana na mama mmoja wa kwaya, akashinda, akalipa fedha ambayo ingenunua maboga ya kujaza toroli. Alirudi kukaa na boga mapajani, moyo mweupe kabisa, watu wakimpongeza pande zote.

Ndipo alipolitazama lile boga vizuri. Lilikuwa boga la kawaida. Upande mmoja lilikuwa limeanza kulainika. Na hakuna hata mtu mmoja, pamoja na yeye aliyelinunua, aliyejiuliza kama lina thamani ile. Bei haikuwa ya boga. Ilikuwa ya kanisa.

"Mungu wangu," Bertha alinong'ona. "Walikuwa wananunua boga."

Watu wa Ilongwa hawakukosea hesabu hata kidogo. Walimwona mtu wanayempenda amesimama kando ya meza, wakaona mtu anaandika bei ubaoni, wakaona bei inapanda kwa makofi, wakafanya kile ambacho wazazi wao waliwafundisha kufanya kila Jumapili tangu wakiwa watoto: wakapandisha. Walikuwa wamemheshimu Mheshimiwa kwa vifuniko vya soda. Kuhusu Bondeni hakuna aliyekuwa amesema lolote.

Akiwa bado amekumbatia boga, kivuli kikamfunika.

"Kamwene, mtani!" Aliyemsalimu alikuwa Mheshimiwa Jailos mwenyewe, amechangamka. "Boga zuri hilo. Utalipikia na nini? Maana mimi mbwa wangu nimemfunga mnyororo tangu nilipokuona unaingia kanisani."

Bertha alikuwa Mhehe wa Kalenga, Jailos alikuwa Msangu wa palepale, na Mhehe na Msangu ni watani tangu enzi za mikuki, na utani wa kwanza kwa Mhehe ni kwamba hula mbwa. Kwa mwaka mzima tangu ahamishiwe Ilongwa, Bertha alikuwa akiyapokea matani ya namna hiyo kwa tabasamu la kiofisi, kwa kuwa aliona haipendezi mtendaji kujibizana na diwani. Siku hiyo, sijui ni boga, sijui ni furaha ya kulielewa jambo, ulimi ukamponyoka.

"Mfungue tu, Mheshimiwa. Mbwa wa Msangu ataliwaje? Hana nyama, kakondeana kwa kukimbia. Babu zenu walivyotukimbia hadi Usafwa, mbwa walikuwa mbele, babu zenu nyuma, na ugali ukabaki jikoni unachemka!"

Mheshimiwa Jailos alicheka hadi akajishikilia kwenye mlango wa kanisa. Alicheka machozi yakamtoka. "Kumbe unao mdomo!" alisema, akijifuta. "Mwaka mzima nilidhani wametuletea Mhehe bubu! Asante, mtani. Asante sana."

Bertha alisimama pale na boga lake. Alikuwa amewatukana mababu wa diwani mbele ya kanisa zima, na diwani amemshukuru.

Jumatano iliyofuata alirudi juu ya kreti ya soda. Mhandisi wa wilaya, Eveline, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira, alikuwa tayari amefika na alisimama pembeni anatafuna muwa.

"Ndugu wananchi," Bertha alisema, "vifuniko vyote vinarudishwa, bei zote zinarudi hamsini, tunaanza upya. Ila leo kuna sharti moja. Ukitaka kununua Hapana ya Bondeni, lazima kwanza umtanie Mheshimiwa, hapahapa, mbele za watu. Asiyemtania hauziwi! Watani wa kabila, mashemeji, wajukuu, wote ruksa. Na Mheshimiwa atakaa kwenye meza ya Hapana, awasikie vizuri."

Kelele zilizopigwa hapo zilisimamisha pikipiki barabarani. Mheshimiwa Jailos, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukimbia utani, alikwenda kukaa akiwa ameshakunja mikono ya shati. "Waje!" alisema. "Waje Wahehe wote, na mbwa wao waliobaki!"

Wa kwanza alikuwa Didas, dereva wa lori la viazi na nyanya kutoka Iringa, Mhehe mwenye sauti ya honi.

"Mheshimiwa, mimi mwaka jana nilipita Bondeni na lori likazama hadi taa. Nikalala huko. Usiku vyura wakanijia mmojammoja, wakaniuliza: hivi diwani wetu hajambo?" Alipiga vifuniko mezani. "Maana ni wapiga kura wako hao. Nipe Hapana!"

Tumpe akafuta, akaandika. Ndiyo, arobaini na tano.

"Lori lako lilizama kwa sababu ulimpakia na shangazi yako," alijibu Jailos, na gulio likalipuka.

Wahehe wengine wakafuata, waliokuja kulima mpunga wakaoa na kuolewa hapo. Kisha wakaja mashemeji. Mke wa mdogo wake diwani alisema vibanda vya Bondeni vitamfaa shemeji yake kufugia kambare, maana samaki ndio wasiolalamikia matope. Akauziwa. Kijana mmoja aliyejidai ni mtani kwa sababu bibi yake alizaliwa karibu na Iringa, akauziwa pia. Bei ya Ndiyo ikateremka kama mtu anayeshuka ngazi, na kila aliyetoka pale na Hapana mkononi alikwenda moja kwa moja meza ya pili, akamwaga vifuniko vilivyobaki kwenye Ndiyo ya Njiapanda. Eveline aliacha kutafuna muwa.

Hata hivyo hakuna utani usio na mahali pa kuuma. Alikuja mjukuu wa Jailos, binti mkubwa aliyekuwa anasoma chuo Mbeya, akiishi kwa shangazi yake, mtaa wa Soweto mjini humo. Mjukuu kwa babu yake ni mtani kuliko Mhehe.

"Babu," alisema, "unataka soko la watu, au unataka kumjengea babako kaburi la pili, lenye choo na vibanda?"

Watu walianza kucheka, kisha wakamgeukia Mheshimiwa Jailos. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila macho yalikuwa yamelihama. Alisimama polepole. Alitembea hadi kwenye ubao, akausoma kwa karibu, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli. Bertha aliwaza: nimemvunjia heshima mzee wa watu, na kwa mikono yangu.

"Mama Amna," Jailos aliita bila kugeuka. "Wewe si mtani wangu kwa upande wowote."

"Si mtani, Mheshimiwa."

"Basi wewe sema bila kutania. Soko likienda Bondeni, kweli hutahamia?"

Mama Amna alijifuta mikono kwenye kanga. Alimtazama Bertha, akamtazama Jailos, akaona labda maneno matupu yatakuwa makali mno, akayavika nguo:

"Bondeni kuna umande, ila mteja hapiti;
Njiapanda kila pande, noti hapa haziketi."

Kisha akaongeza kwa upole, "Nisamehe, Mheshimiwa. Lile gari sijalisahau na sitalisahau. Ila kule sihamii."

Jailos aliendelea kuutazama ubao. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na aliyekuwa karibu alidhani analia. Alikuwa anacheka, kwanza peke yake, halafu na kila mtu.

"Jamani, mimi nina mashine ya kukoboa," alisema alipopata pumzi. "Mtu akiniletea mpunga mbichi namwambia kaanike, nikiutia mashineni utavunjika wote utoke chenga. Hata angekuwa ndugu yangu namwambia hivyo. Na mimi wiki nzima mmeniacha natembea na mpunga mbichi kichwani, mnanipigia makofi! Wema gani huo?"

"Ulikuwa unatutazama!" ilisema sauti moja nyuma.

"Basi leo nimegeuka, siwatazami. Nunueni!"

Wakanunua. Wakanunua hata wasiokuwa na shemeji wala mtani, Tumpe akawa anaandika kwa mkono wa kulia na kufuta kwa kiwiko cha kushoto. Jua lilipokuwa juu ya mashine za kukoboa, Ndiyo ya Bondeni ilikuwa kumi na nne, na ile ya Njiapanda themanini na nane.

Eveline alipiga picha ubao, akamgeukia Bertha. "Wiki iliyopita ulinisomea tisini na sita. Kumetokea nini katikati?"

"Wiki iliyopita tulinadi boga," alisema Bertha.

Mhandisi alisubiri maelezo zaidi, hakuyapata, akaandika Njiapanda kwenye karatasi zake na kuuliza lori la kokoto likija limwage wapi. Mama Amna alikwisha kurudi kwenye dagaa wake na alikuwa anamfukuza paka. Bertha alimtazama akipanga mafungu yake palepale ambapo angeendelea kuyapanga, akashuka kwenye kreti.

Lakini mtu akitaniwa, naye ana haki yake. Mheshimiwa Jailos alipanda juu ya kreti, akampokonya Bertha kipaza sauti.

"Sikilizeni! Bondeni si pa soko, nimekubali. Basi ni pa mpunga, kama alivyopaacha mzee. Na kila aliyenitukana leo ana deni la utani: kesho asubuhi namtaka Bondeni, apande miche. Nyama nitapika mimi. Mtendaji ndiye atakayetangulia, maana ndiye aliyewachokoza!"

"Mheshimiwa, kesho nina kikao," alijaribu Bertha.

"Kikao kitafanyikia matopeni."

Na kweli kilifanyikia matopeni. Asubuhi ile Bondeni ilijaa watu kuliko soko lolote lingeweza kujaa: Wahehe, mashemeji, wajukuu, na Mama Amna aliyekuja kupanda ingawa hakuwa mtani, kwa sababu, alisema, asingekubali watu wacheke bila yeye. Bertha Kalinga, sketi imekunjwa juu ya magoti, miche mkononi, alizama hatua ya kwanza hadi kwenye mashavu ya miguu, na kutoka ukingoni, kando ya sufuria la nyama, sauti ya diwani ikamfikia:

"Mtani! Taratibu hapo. Hao uliowakanyaga ni wapiga kura wangu!"